Kikombe Kilicholala Kifudifudi

Kila asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, mwanamke yule huvishusha vikombe vya wateja kutoka kwenye misumari ya ukutani, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu, akavirudisha mahali pake. Huanzia kushoto. Huimba kidogo, kwa pua. Hata akiwa na homa haachi.

Leo aliishia katikati ya ukuta. Msumari mmoja ulikuwa mtupu, na kikombe chake kilikuwa mikononi mwa mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma bila hodi.

Mgeni huyo ni Ramani wetu. Juma lililopita tulimwacha hapo hapo, ameduwaa, paji la uso limevimba baada ya kujigonga kwenye boriti ya mlango mfupi, kikombe kikubwa cha udongo kimemganda mkononi. Na ubavuni mwa kikombe hicho amechorwa samaki aliyevaa miwani.

Samaki yule yule, jamani. Samaki ambaye mumewe humchora kwenye kila kikaratasi anachomwachia mezani. "Nimewahi kazini, uji uko jikoni," samaki. "Usisahau mwavuli," samaki. Samaki ambaye siku ya posa mumewe alimwambia, "Huyu nimemtunga kwa ajili yako. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwona."

Kumbe amening'inia ukutani kwa mwanamke mwingine, katika mji ambao mumewe aliapa hajawahi kuukanyaga kabla ya safari hii.

"Dada," alisema mwanamke wa kitambaa, "hicho hakiuzwi. Tena ni cha udongo, kikianguka kimekwisha."

"Ni cha nani?"

"Cha mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mwanamke akatupia kitambaa begani. Alikuwa mnene wa kupendeza, mikono imekomaa kwa kubeba magunia ya shayiri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayecheka upesi. Ramani alimchukia kuanzia kilemba hadi viatu.

"Umeingia kwa nyuma kama mwizi wa kuku, sasa unauliza kama askari," alisema. "Anza wewe. U nani?"

Siku nyingine Ramani angeomba radhi akaondoka zake. Ndivyo alivyolelewa. Kwao neno gumu huzungukwa kama shimo la barabarani, na maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko yote tangu aanze kusema ni "ndiyo, baba." Kazini wamempa jina la Ramani kwa kuwa anajua njia zote. Yeye anajua wamekosea. Anajua njia zote kwa sababu hajawahi kuthubutu ile iliyonyooka.

"Napanga ziara," alisema. "Kesho wageni wa kampuni yetu wanakuja kutembelea viwanda vidogo vya bia. Kwa miguu. Nilikuwa naijaribu njia, nikapita ile ngazi iliyo nyuma ya karakana ya seremala, nikakosa kona. Nikajikuta kwenye ua wako."

Msomaji mgeni ajue kwamba huo ndio utaratibu wa Ramani. Hapangi ziara akiwa mezani. Huvaa viatu ambavyo mgeni atavaa, hupanda ngazi ambazo mgeni atapanda, hukagua vyoo, huhakikisha bia nyepesi inatangulia na nzito inafuata, na katikati pana mkate na maji. Tangu wafike katika mji huu, ambao watu wake hugombana juu ya povu kama wengine wanavyogombana juu ya mpira, alikuwa ameshapata kiwanda kilicho chini ya duka la mikate, kingine kando ya reli, kingine kwenye nyumba ya zamani ya pampu za maji. Alikosa kituo cha mwisho tu.

"Ngazi ya seremala," mwanamke alirudia taratibu. "Nani aliyekuonyesha?"

"Mume wangu. Alinichorea njia yote. Alisema barabara kubwa ina vumbi."

"Yeye ni mwenyeji?"

"Hapana. Ni mgeni kama mimi. Amechukua likizo ili anisindikize."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Dada yangu, ngazi ile haiwekwi kwenye ramani. Ukiwa juu unaona ukuta, ukiwa chini unaona mbao za seremala. Wanaoijua ni watoto wa mtaa huu peke yao. Sisi ndio tulikuwa tukipita pale tukitoka shule, tukikimbia mbwa wa mwashi."

"Sisi akina nani?"

"Mimi na mwenye kikombe."

Moyo wa Ramani ukatumbukia. Basi ni mapenzi ya utotoni, hayo ambayo hayaozi. Njia ya mkato haijulikani na mgeni. Kila njia ya mkato huanzia mlangoni kwa mtu fulani, na huyu hapa ndiye mwenye mlango.

"Unampenda?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Kuna siku nampenda, kuna siku natamani nimtie ndani ya pipa nigongomelee kifuniko. Leo ilikuwa siku ya pipa. Huyo samaki nilimchora mimi kwa mkono wangu."

"Mwenye kikombe ana mke," Ramani alisema. "Mkewe ni mimi."

Kitambaa kikaanguka sakafuni.

Mwanamke akakaa juu ya kreti. Kwanza alicheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikaisha.

"Maskini wee," alisema. "Kumbe ndiyo maana unanitazama kama nimekuibia nguo kambani. Wifi, weka kikombe chini uje unikumbatie. Mimi ni dada yake. Tumbo moja, ziwa moja, na tetekuwanga tuliugua kitanda kimoja."

"Dada?"

"Alipovaa miwani kwa mara ya kwanza watoto walimcheka, wakamwita samaki wa kopo. Akakataa kwenda shule. Nikamchorea huyu, nikamwambia, wacha wacheke, samaki mwenye miwani ndiye anayeziona nyavu." Alijifuta macho kwa kiganja. "Halafu akakua akawa mpima macho. Sijui kama aliwahi kukuambia kwamba ni kwa sababu yangu."

Hakuwahi. Ramani alimkumbatia wifi yake kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine bado ulikataa kukiachia kikombe. Alinusa kimea na sabuni. Kwa dakika nzima alikuwa na furaha, kisha hesabu ikakataa.

"Wifi," alisema, "aliniambia hana ndugu. Aliniambia ni yatima."

Wifi akaachana naye. Alinyanyua macho juu, na Ramani akayafuata.

Juu ya misumari palikuwa na rafu ndefu. Hapo vikombe havikuning'inia. Vilikuwa vimelala kifudifudi, midomo chini, vumbi migongoni.

"Desturi ya nyumba hii," wifi alisema. "Mteja aliye hai kikombe chake kinaning'inia, hata akihama, hata akinuna. Tunakifuta kila asubuhi ili siku akirudi akikute safi. Akifa, kinapanda juu, kinalazwa. Hakifutwi tena."

Katikati ya rafu palikuwa na kikombe kikubwa kuliko vyote, kimechorwa pipa lenye pete.

"Na kile?"

"Cha baba yetu."

Ramani akapumua. Aibu kusema, lakini alipumua kwa nafuu. Angalau katika hilo mumewe hakudanganya. Alikuwa ameficha dada na mji mzima, lakini baba amekufa kweli.

"Pole sana, wifi. Alifariki lini?"

Mlango wa chumba cha matangi ukapigwa teke kutoka ndani. Mzee mrefu aliyevaa mabuti ya mpira akaingia kinyumenyume, akivuta toroli lililojaa machicha ya kimea yanayotoa mvuke.

"Nani kafariki?" aliuliza bila kugeuka.

"Wewe, baba," wifi alisema. "Mgeni anauliza ulifariki lini."

Mzee akageuka. Alimtazama Ramani, akakitazama kikombe alichokishika, akamtazama tena usoni, polepole, kama mtu asomaye kibao cha duka lililobadilishwa jina.

"Siku ya harusi yake," alijibu.

Basi, msomaji wangu, kaa vizuri.

Mtaani wanamwita Mzee Pipa. Mteja wake mmoja, mpiga picha, aliajiriwa katika harusi ya mbali. Alifika akamkuta bwana harusi ni mtoto wa Mzee Pipa, akafurahi, akataka kwenda kumsalimia. Kabla hajafika, msema chochote akashika kipaza sauti akatangaza kwamba bwana harusi, kwa bahati mbaya, ni yatima, na tusimame tumkumbuke marehemu baba yake. Ukumbi mzima ukasimama. Mpiga picha naye akasimama. Afanyeje? Aliporudi alimsimulia Mzee Pipa kama kichekesho, akiwa na kikombe mkononi.

Mzee Pipa akamwacha amalize. Alipanda juu ya kreti, akakichukua kikombe chake msumarini, akakilaza kwenye rafu ya marehemu. Tangu siku hiyo hajaonja tone la bia katika nyumba yake mwenyewe. Shayiri huitafuna, chachu huinusa, matangi huyaosha, lakini bia ikiiva humwita binti yake aje aonje. Ukimbembeleza anakujibu, "Maiti hainywi."

"Ulipendeza," alimwambia Ramani. "Niliona picha, ingawa wifi yako alikataa kuzitazama. Viatu vilikubana, lakini ulitabasamu."

"Shikamoo, baba," Ramani alisema, na magoti yakainama yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Paji limefanya nini?"

"Boriti."

"Kila mgeni hujigonga. Wifi yako akutilie barafu." Alikiona kipande cha karatasi kilichochomoza mfukoni mwa Ramani. "Hiyo ndiyo njia aliyokuchorea?"

Ramani akampa. Pembeni palikuwa na samaki. Mzee aliufuata mstari kwa kidole, kutoka duka la mikate, kando ya reli, mpaka nyumba ya pampu. Karibu na mtaa wao mstari ulijikunja, ukapanda ngazi ya seremala, ukazunguka, ukashukia upande wa pili, kama maji yanavyokwepa jiwe.

"Hapa," Mzee Pipa alisema, akigusa mahali palipoachwa wazi, "ndipo nilipozikwa."

Simu ya Ramani ikalia. Wote watatu wakashtuka. Alikuwa bosi, mama asiyejua kunong'ona.

"Ramani, kituo cha mwisho kimepatikana?"

"Kimepatikana, bosi."

"Kina vyoo?"

Wifi akanyoosha kidole uani. "Vipo, bosi."

"Kina historia? Wageni hawa bila historia watalalamika mpaka nywele zangu ziote mvi."

Ramani alimtazama mzee, akaitazama rafu. "Kina historia."

"Nzuri?"

"Ndefu."

"Ndefu inatosha. Kabla ya chakula cha mchana naituma njia, usibadilishe tena kitu." Akakata.

Wifi alikuwa bado anamcheka bosi pale geti la uani lilipolia. Hatua zikaja haraka. Mtu akaingia kwa mlango wa nyuma, na kwenye ile boriti akainamisha kichwa. Hakuitazama. Shingo yenyewe ilikumbuka.

Hapo Ramani hakuhitaji ushahidi mwingine.

Mpima Macho alisimama, miwani imefunikwa na ukungu wa mvuke wa machicha. Aliivua. Bila miwani alionekana mtoto.

"Nilikungoja kwa chai," alimwambia mkewe. "Hukuja. Nikajiuliza, akiikosa ile kona atatokea wapi?"

"Samaki karudi mtoni," wifi alisema. "Nikupikie au nikukaange?"

"Dada, tafadhali."

"Usiniite dada. Wewe huna ndugu."

Mzee Pipa alikuwa ameshasimama nyuma ya kaunta. Alijifuta mikono, akainyoosha aproni, akaongea kwa ile sauti laini ya kuhudumia wapita njia.

"Karibu, mgeni. Bado hatujafungua, lakini aliyetoka mbali hatumwachi na kiu. Nyepesi au nzito?"

"Baba."

"Nyepesi ni ya ngano. Nzito imelala miezi kadhaa, inataka mtu aliyekula."

"Shikamoo, baba."

"Marehemu haitikii shikamoo."

Ndani, tangi moja lilikuwa linapumua povu, blup, blup, kama mtoto anayelala.

Ramani alikuwa na maneno mengi. Yalimjaa kifuani yakasukumana mlangoni kama watu wanaokimbia mvua, na lililotoka lilikuwa dogo kuliko yote.

"Kwa nini?"

Mumewe akamgeukia. "Siku ile nilipokuja kwenu. Unakumbuka baba yako alinikalisha barazani, akanisimulia habari za kaka yake?"

Alikumbuka. Nani asiyekumbuka? Baba yake Ramani huitwa Mzee Maji, hata na wanaompenda, kwa sababu nyumbani kwake hata siku ya harusi ya bintiye glasi ziliinuliwa zikiwa na maji. Kaka yake aliangamia kwa pombe, na yeye ndiye aliyemwokota mtaroni asubuhi moja, akiwa ameshapoa. Tangu hapo aliapa: nyumba inayokula kwa pombe haioi kwake, na kama binti yake ameshaingia humo kwa bahati mbaya, atakwenda kumtoa kwa mkono wake.

"Aliponisimulia hayo alikuwa analia," Mpima Macho alisema. "Halafu akajifuta, akaniuliza swali moja tu. Baba yako anafanya kazi gani? Nikaona nikijibu anatengeneza bia, nakupoteza hapo hapo, chai haijapoa. Nikasema alishafariki. Neno lilitoka lenyewe."

"Ungesema kasafiri," wifi alisema. "Ungesema mkulima wa shayiri, hata uongo usingekuwa. Wewe ni mwongo gani usiyejua kipimo? Mtu anaombwa maji anamwaga mtungi."

"Nilitaka kulirekebisha. Kila nikitaka, siku ilikuwa imepita."

"Baba yangu ulimwogopa," Ramani alisema. "Sawa. Hata mimi namwogopa. Lakini mimi? Usiku mwingi tuliokesha tukiongea mpaka taa inazimika, mimi uliniogopa nini?"

Alizifuta lenzi za miwani kwa pindo la shati, akaendelea kuzifuta zilipokuwa zimeshakauka.

"Niliogopa kwamba siku baba yako akikuambia rudi nyumbani, utasema ndiyo, baba."

Neno hilo lilimpiga Ramani mahali palipo laini. Alitaka kukataa. Alitafuta katika maisha yake yote siku moja, moja tu, aliyowahi kumjibu baba yake vingine. Hakuipata.

"Kwa hiyo ukaamua kunichorea njia ya kuzunguka," alisema.

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe. Mimi nilikuwa natembea tu, na viatu vya wageni."

Wifi akatoa sauti ndogo, ya kukubali. Mzee Pipa alikuwa amewapa mgongo, anapanga glasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nitasema," mumewe akasema ghafla. "Naapa. Nitampigia Mzee Maji nimweleze yote. Leo hii."

Na kama aliyesikia akitajwa, simu ikatetemeka juu ya kaunta. Kila siku, akimaliza kumwagilia mboga zake, Mzee Maji humpigia binti yake kumjulia hali. Bomba la maji limefungwa, kofia iko gotini, na yeye yuko kwenye kiti chake cha kamba. Ramani aliliona jina, "Baba," likiwaka na kuzima.

"Nipe," mumewe alisema. "Nitaongea mimi."

Akaichukua. Alisimama wima kabisa, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na Ramani akampenda tena, upya, kwa maumivu.

Wifi alivuta kreti mpaka chini ya rafu, akapanda, akaweka mkono juu ya kikombe chenye pipa. Hakukiinua. Alingoja. Mzee Pipa aliacha glasi. Alijifuta viganja kwenye aproni, mbele na nyuma, kama mtu anayetarajia kupewa mkono.

"Shikamoo, mzee," Mpima Macho alisema.

Akasikiliza.

"Hatujambo kabisa, mzee. Kazi inakwenda vizuri."

Akasikiliza tena. Alimtazama baba yake, akamtazama mkewe, kisha akaangalia sakafu.

"Tupo," alisema. "Tupo hotelini, mzee. Tunakunywa chai."

Mkono wa wifi ukateleza kutoka kwenye kikombe. Mahali vidole vilipokuwa pakabaki alama kwenye vumbi.

"Hapana, mzee, hizo bia zenyewe hata hatuzioni. Ni majengo tu. Ndiyo. Ndiyo, mzee."

Ndiyo, mzee. Ramani aliisikia sentensi yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza akajua inavyosikika kwa wanaosimama pembeni.

Mzee Pipa hakukunja uso. Alizunguka kaunta, akainama, akashika mikono ya toroli.

"Machicha yakipoa ng'ombe hawayataki," alisema, kwa mtu yeyote na kwa hakuna mtu. Akaanza kulisukuma kuelekea uani. Gurudumu lilikuwa kavu. Lililia kila lilipozunguka.

Mpima Macho alifunika simu kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Anataka kukusalimia," alinong'ona. "Ramani, nakuomba. Kwa leo tu. Tukifika nyumbani nitasema."

Akampa simu kama mtu anayetoa mtoto mchanga. Ilikuwa na joto.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Maji. Ilikuwa sauti ya mtu aliyempandisha mabegani avuke mafuriko, sauti iliyomfundisha kuhesabu kwa mbegu za maboga. "Habari za huko? Mumeo ananiambia mko hotelini mnakunywa chai. Ni kweli?"

"Ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Halikuhitaji hata pumzi.

Aliangalia chini akaona kwamba kile kikombe bado amekishika mkononi mwingine. Samaki alimtazama kwa miwani yake mikubwa ya kijinga. Uani gurudumu lilikuwa linalia, likienda mbali.

"Mwanangu? Unanisikia?"

"Nakusikia, baba," Ramani alisema. "Hapana."

Mumewe alinyoosha mkono kuchukua simu, na wifi, juu ya kreti, akamshika ukosi wa shati akamvuta nyuma.

"Hapana nini?" Mzee Maji aliuliza.

Ramani alipandisha sauti. Hakupiga kelele. Alipandisha tu vya kutosha kufika uani, na alipoanza kusema, gurudumu la toroli likanyamaza.

"Si kweli, baba. Hatuko hotelini. Niko kwa baba mkwe wangu. Yu hai. Anatengeneza bia, ni kazi yake tangu ujana, na mimi nimekaa nyumbani kwake na kikombe cha mume wangu kiko mkononi mwangu. Nakupenda, na najua ulichoapa. Ukitaka kuja kunichukua, njoo. Lakini uingie kwa mlango wa mbele, umpe mkono mzee mwenzako, mniulize mkiwa wote wawili, na mimi nitajibu mwenyewe."